Mama Phoebe Asiyo anastahili zaidi ya rambirambi

Mhariri,

Tangu Mama Phoebe Asiyo atutoke Januari 2025 akiwa na umri wa miaka 92, wengi humtaja tu kama mbunge wa zamani wa Karachuonyo, Kenya. Ni kweli, lakini hicho ni kipande kidogo cha maisha yake.

Kabla ya siasa alikuwa afisa wa magereza. Enzi hizo wafungwa wa kike walichanganywa na wanaume, na yeye alipigania watengewe magereza yao wenyewe. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote, maana enzi hizo mfungwa hakuwa na kura ya kumlipa mtu fadhila. Aliongoza pia shirika la Maendeleo ya Wanawake, akiwa Mwafrika wa kwanza kushika kiti hicho.

Mwaka 1997 alipeleka bungeni hoja ya kutaka wanawake watengewe nafasi katika uongozi. Wenzake waliiangusha. Hakukunja jamvi. Katiba ya 2010 ikaja na Kifungu cha 27, kinachotaka jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa.

Bunge lilishindwa kutunga sheria ya kukitekeleza, hadi Jaji Mkuu David Maraga akamshauri Rais mwaka 2020 alivunje. Halikuvunjwa. Wabunge waliomlilia Mama Asiyo wanaijua deni hiyo. Nawasihi kwa moyo wote, wailipe.

Msomaji wako,
Homa Bay