Taarifa ya Mwenyekiti wa chama cha akiba na mikopo kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, mapema 2018: ajira zetu na bei za nyumba zetu katika mwaka 2017

Ndugu wanachama,

Hesabu zilizokaguliwa mnazo mkononi na Mhazini atazipitia ukurasa kwa ukurasa. Mimi nitajibu swali ambalo mmenipigia simu mwaka mzima kuniuliza: "Mwenyekiti, niuze?" Anayeuliza ana nyumba Kinyerezi, au kiwanja Bunju, au pagale lililoishia kwenye linta huko Madale, na hela ya ada haipo.

Mtaani wanasema vyuma vimekaza, yaani hela imekuwa ngumu. Takwimu za serikali zinaonyesha uchumi ulikua kwa karibu asilimia 7 mwaka 2017, nami si mchumi wa kubishana nazo. Chama chetu pia si cha siasa. Lakini ni chama cha akiba na mikopo cha watumishi wa umma wa Dar es Salaam, na yaliyotupata tunayajua. Katikati ya 2016 ajira mpya, upandishaji vyeo na nyongeza za mwaka vilisitishwa ili kwanza wasakwe watumishi hewa. Aprili 2017 ikatoka orodha ya wenye vyeti vya kughushi, watu 9,932. Kumbukeni kwamba aliyefutwa kazi kwa cheti aliwaachia wadhamini wake mkopo, na mdhamini ni mwanachama aliyeketi humu ukumbini ambaye cheti chake hakina tatizo lolote.

Halafu kuna posho. Tuambiane ukweli, nyumba zetu nyingi hazikujengwa kwa mshahara. Mshahara ulilipa chakula, nauli na shule. Safari ya kikazi ya wiki mbili Arusha ndiyo iliyonunua mabati, na semina ya Morogoro ikamlipa fundi wa kupaua. Sitasema kama utaratibu ule ulikuwa mzuri. Ninachosema ni kwamba semina zilipokatwa na vikao vikaondolewa hotelini, ujenzi ulisimama pale pale ulipokuwa. Na umesimama wakati saruji imeshuka bei kwa ushindani uliokuja tangu kiwanda cha Dangote kianze kuzalisha Mtwara! Saruji rahisi, fundi anabembeleza kazi, mwenye kiwanja hana hata ya msingi.

Sasa naomba mfuatilie hesabu moja, kwa sababu ndiyo inayotoa jibu. Kwa viwango vya 2017, chukueni mtumishi mwenye mshahara wa shilingi 1,000,000 anayelipa deni la Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Mfuko wa pensheni unachukua asilimia 5, bima ya afya asilimia 3, chama cha wafanyakazi asilimia 2, na kodi ya mapato karibu 167,000. Bodi ilikuwa ikikata asilimia 8. Baada ya sheria kurekebishwa mwishoni mwa 2016 inakata asilimia 15, yaani 150,000 badala ya 80,000. Theluthi moja ya mshahara haiguswi. Kabla ya mabadiliko, mtumishi huyu alikuwa na nafasi ya rejesho, yaani kiasi kinachoweza kukatwa kulipa mkopo mwingine, la karibu 320,000 kwa mwezi. Leo anayo karibu 250,000. Hajashushwa cheo, hajapunguzwa mshahara, lakini uwezo wake wa kukopa umepungua kwa zaidi ya moja ya tano.

Mtumishi huyo ndiye mnunuzi wa nyumba yako ya Kinyerezi. Hakuna mwingine. Mfanyabiashara mkubwa hanunui vyumba vitatu visivyo na barabara ya lami, na wenye nyumba wa Masaki, mtaa wa matajiri, waliokuwa wakipangisha kwa dola wana msiba wao, maana tangu bei ya mafuta iporomoke 2014 wageni wa kampuni za mafuta na gesi wamepungua. Nyumba za huku kwetu mwalimu alimuuzia muuguzi, muuguzi akamuuzia karani wa halmashauri. Hati za mishahara za hao wote zikibanwa kwa pamoja, bei nayo inabanwa, hata kama madalali hawajataka kukiri.

Hawatakiri upesi. Mwanachama mwenzetu mmoja aliweka sokoni nyumba yake mwanzoni mwa mwaka. Mliofika mnaifahamu: lipu nje na ndani, jipsamu sebuleni tu, vyumba vingine dari bado, choo cha nje na tangi la maji juu ya mnara. Aliitaja kwa bei ambayo jirani yake aliuzia mwaka 2014. Wateja walikuja, wakasifu, wakaondoka. Baada ya miezi dalali mwenyewe akamletea mtu aliyetaka kulipa nusu sasa na nusu nyingine "mambo yakikaa sawa", mwingine akataka wabadilishane na kiwanja cha Kibaha na gari. Ukimuuliza dalali yule leo atakuambia bei za Kinyerezi hazijashuka. Ni kweli, kwa sababu hakuna kilichouzwa. Na tangu bomoabomoa ya Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara, mnunuzi anauliza kama nyumba iko ndani ya hifadhi ya barabara kabla hajauliza idadi ya vyumba.

Kwa hiyo bei inayotajwa haitusaidii. Kodi ya pango inasema ukweli mapema zaidi, maana mpangaji akishindwa anahama mwezi ule ule. Wenye nyumba wa Tabata na Sinza waliozoea kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo sasa wanapokea ya miezi mitatu na kushukuru. Nyumba mbili nilizokwenda kuzikagua kama dhamana hazikuwa na mpangaji kabisa, ingawa kwenye fomu ya mkopo ziliandikwa kuwa zinaingiza kodi.

Hapo ndipo uongozi unapoleta pendekezo. Tathmini za dhamana zilizofanywa kabla ya 2016 zisitumike tena kutoa mkopo mpya. Nyumba ithaminiwe kwa kodi inayopatikana leo, siyo kwa bei ya jirani. Najua wengi hamtalipenda, kwani mtakopeshwa pungufu. Lakini Benki Kuu ilishusha riba yake ya kukopesha benki kutoka asilimia 16 hadi 12 mwezi Machi 2017 na hadi 9 mwezi Agosti, na bado mwaka huo benki za biashara zilikopesha kwa karibu asilimia 18, kwa sababu mikopo isiyolipika ilizidi moja ya kumi ya mikopo yote. Januari 2018 Benki Kuu imefunga benki tano kwa mpigo. Akiba zilizomo humu ni zenu wenyewe, na hakuna wa kutuokoa.

Kuhusu Dodoma nitasema kidogo. Wanachama waliohamishwa huko na wizara zao Serikali ilipoanza kuhamia wamekuta kodi za Area C na Kisasa zikipanda wakati nyumba zao za Dar zinakosa wapangaji. Kuna walioniambia wanataka kuuza ya huku haraka wanunue kiwanja kule kabla bei haijaruka. Mimi nisingeharakisha. Tangu CDA (mamlaka iliyokuwa ikigawa viwanja Dodoma) ivunjwe Mei 2017 na kazi zake kupelekwa Manispaa, kuweni makini sana na karatasi mnazoonyeshwa. Kuuza kwa shida sehemu moja na kununua kwa pupa nyingine ni hasara mara mbili. Mwenye kazi, mwenye paa, na asiyedaiwa kwa dhamana ya nyumba hiyo, asubiri. Anayedaiwa na rejesho limemshinda, auze mwenyewe sasa kwa bei ya leo, kabla ya mnada.

Mwajiri mmoja, sitamtaja, amekata michango ya wanachama wetu kwenye mishahara kwa miezi kadhaa bila kuileta. Barua zimekwenda, Katibu ana nakala. Wanaohusika msikubali kuhesabiwa kama wadaiwa sugu: leteni hati za mishahara zinazoonyesha makato.

Serikali imetangaza kuanza tena kupandisha vyeo. Watakaopata barua wasije kuomba mkopo kwa barua. Tutasubiri mshahara mpya uonekane kwenye hati. Na mnaohamia Dodoma, leteni nakala ya uhamisho kwa Mhasibu kabla ya mwisho wa mwezi ili makato yenu yasipotelee njiani.