Chanjo ya malaria ina wenyewe, watajeni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nitoe dukuduku langu. Wiki mbili zilizopita mliandika habari ya chanjo ya malaria, ukurasa wa ndani, aya sita. Nimezihesabu. Neno "wanasayansi" limo mara nne, "watafiti" mara tatu, na jina la mtu hakuna hata moja, ukiacha la mgeni rasmi aliyefungua semina. Mwaka uliotajwa ni mmoja tu, 2021.

Jumamosi yake nilikuwa soko la Majengo nanunua mlenda mkavu. Mama muuza mlenda akaniambia, "Shangazi, hiyo chanjo mimi mwanangu simpeleki. Imetoka kipindi kilekile cha korona, imelipuliwa." Nikamuuliza nani kamwambia. Akainua gazeti lako, lile lile, ambalo nusu yake alishalichana kufungia karanga. Simlaumu. Mtu akipewa mwaka 2021 peke yake, bila kilichoutangulia, pengo atalijaza mwenyewe.

Mimi si daktari. Ni mtu wa maabara, mstaafu. Nimesoma slaidi za malaria, vile vioo vya damu vya kuweka chini ya darubini, miaka 31, kwanza kwenye kituo cha afya kimoja wilaya ya Mpwapwa, baadaye hapa mjini, na mpaka leo huku Nkuhungu watoto wananiita Bibi Slaidi. Kazi yenyewe ni hivi: unatoa tone nene la damu, unalikausha, unamwagia rangi ya Giemsa, unasubiri, unasuuza taratibu lisibanduke, unadondosha mafuta, unashusha lenzi ya mia. Halafu unakaa. Kimelea kichanga kinaonekana kama pete yenye kito chekundu. Kile kilichokomaa, kinachomsubiri mbu, kimepinda kama ndizi. Dodoma yetu haina malaria ya kutisha kama Geita au Kigoma, kwa hiyo siku nyingine nilisoma slaidi thelathini macho yakawasha bila kuona kitu, kisha ya thelathini na moja, ya utingo wa lori, ikaja imejaa pete mpaka unajiuliza alipandaje ngazi.

Lakini kuna umbo moja la malaria ambalo miaka yote 31 sikuwahi kuliona: sporozoiti, kile kijidudu chembamba kama sindano kinachotoka kwenye mate ya mbu. Hukioni kwenye slaidi kwa sababu hakikai kwenye damu. Mbu akishakung'ata, haiishi saa moja kimeshaingia kwenye ini kujificha. Mgonjwa anakuja kwetu siku kumi au wiki mbili baadaye, na hapo sisi tunaona watoto wake.

Ndiyo maana nilishtuka siku mkufunzi wetu kwenye semina ya kazini alipotugawia fotokopi ya kurasa tatu, iliyochapwa katika jarida la Nature, Oktoba 1967. Mwandishi wa kwanza ni mwanamke, Ruth Nussenzweig, na wenzake watatu: Vanderberg, Most na Orton. Maisha yake ya kazi aliyaweka kwenye kile kijidudu ambacho mimi sikuwahi kukiona hata mara moja.

Ruth alizaliwa Vienna, Austria, mwaka 1928, baba daktari, mama daktari, Wayahudi. Utawala wa Hitler ulipoimeza Austria familia ikakimbia, na mwaka 1939 wakatua São Paulo, Brazili. Huko akasoma udaktari na huko akakutana na Victor, aliyekuja kuwa mumewe na mwenzake wa maabara. Kitu cha kwanza walichoshughulika nacho kitawachekesha wasomaji wako waliolea watoto: jivii. Ndiyo, ile dawa ya zambarau tuliyowapaka watoto mdomoni wakiwa na utando. Brazili kulikuwa na ugonjwa wa Chagas, unaoletwa na kimelea ambaye ni ndugu wa yule wa malale, na watu walikuwa wakiupata kwa kuongezewa damu. Ikaoneshwa kwamba jivii kidogo ndani ya damu kabla ya kumwongezea mgonjwa inamuua yule kimelea. Mimi jivii nilikuwa naimwaga kwenye sinki kila wiki bila kujua ina historia hiyo.

Baadaye wakahamia Marekani, Chuo Kikuu cha New York. Ruth akaanza na kingamwili za simbilisi, kazi ya kinga tupu, kisha akageukia malaria. Swali lake lilikuwa jepesi kulisema: je, sporozoiti akidhoofishwa asiweze kuzaa, mwili unaweza kujifunza kumkamata? Alitumia kimelea cha malaria ya panya, Plasmodium berghei, ambacho asili yake ni panya wa porini wa Katanga, hapo Kongo jirani zetu. Mbu wakipata maambukizi, wanapasuliwa mmoja mmoja na kutolewa tezi za mate. Jamani, tezi ya mate ya mbu! Mimi kutenganisha mbawa za mbu tu kwenye mafunzo nilivunja sindano mbili. Sporozoiti wakapigwa eksirei, wakachomwa panya. Baadaye panya wale wakapewa sporozoiti wazima, wakali, na wengi wao hawakuugua.

Hapo kuna jambo ambalo watu hulikosea. Wale sporozoiti walitakiwa wawe hai. Ukiwazidishia mionzi wakafa kabisa, kinga haiji. Lazima waingie kwenye ini, wakwame humo, mwili uwaone.

Miaka miwili baadaye, 1969, wakaona kitu kingine. Ukichukua majimaji ya damu ya panya aliyechanjwa ukayachanganya na sporozoiti, kijidudu kinaanza kuota uzi nyuma kama mkia, kama nyoka anayejivua gamba asimalize. Lile gamba, yaani protini inayomfunika sporozoiti, ndilo lililozaa kila kitu. Mwaka 1980 wakatoa kingamwili moja inayolikamata na kumkinga panya. Mwaka 1984 jeni la gamba hilo katika malaria yetu sisi, falsiparumu, likasomwa, na wasomaji wake hawakuwa wa New York peke yao. Ikakutwa sehemu moja ina amino asidi (vijenzi vya protini) nne zilezile zinajirudia karibu mara arobaini, kama kiitikio.

Mwaka 1987 kampuni ya dawa huko Ubelgiji, pamoja na watafiti wa jeshi la Marekani, wakaunda kitu wakakiita RTS,S. Watu wanadhani ni herufi za siri. R ni kile kiitikio kinachojirudia. T ni vipande vya gamba hilohilo vinavyoamsha seli T, askari wa kinga ya mwili. S ni protini ya kirusi cha homa ya ini aina ya B, imetumika kama mgongo wa kubebea, na S ya pili ni hiyohiyo tena. Basi. Gamba la Ruth limepandishwa mgongoni mwa homa ya ini.

Sasa hesabu mwenyewe, mwanangu Mhariri: 1967 mpaka tarehe 6 Oktoba 2021, siku Shirika la Afya Duniani lilipoipitisha chanjo hiyo kwa watoto wa Afrika. Miaka 54. Ruth alifariki Aprili 2018 akiwa na miaka 89, hakuiona siku hiyo. Mama wa Majengo nilipomwambia hivi aliacha kupima mlenda. "Miaka hamsini na nne? Si ningeambiwa!"

Na kuna la kwetu, ambalo ndilo linaniuma zaidi. Chanjo hii imepita mikononi mwa Watanzania. Mwaka 2008 jarida kubwa la tiba la Marekani lilichapa matokeo ya watoto wachanga 340 wa Bagamoyo, na jina la kwanza juu ya makala ile ni Salim Abdulla wa Taasisi ya Afya Ifakara. Kuanzia 2009 likaja jaribio kubwa la watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi saba, na vituo vyetu vilikuwa Bagamoyo na Korogwe. Hata ile njia ya mwanzo kabisa ya Ruth, ya sporozoiti mzima aliyepigwa mionzi, ilirudi ikapita Bagamoyo kwa vijana wetu waliojitolea, na makala yake ya 2018 mwandishi wa kwanza ni Said Jongo. Humo mna jambo zito: chanjo ileile, vijana wetu walitoa kingamwili kidogo kuliko Wamarekani. Kama wasingejitolea, tungeletewa dozi iliyokatwa kwa kipimo cha mwili wa Marekani. Haya yote hayakuwamo katika aya sita zenu.

Wa zamani yumo pia. David Clyde, Mwingereza aliyefanya kazi ya malaria Tanganyika miaka mingi, kitabu chake kuhusu malaria ya nchi hii kilitoka mwaka huohuo wa 1967. Baadaye akiwa Marekani alikuwa miongoni mwa waliohamisha majaribio ya Ruth kutoka kwa panya kwenda kwa binadamu, na alitoa mkono wake mwenyewe ukang'atwa na mbu waliopigwa mionzi.

Nisije nikaonekana napiga debe. RTS,S si ukuta. Kwa watoto walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata dozi nne, katika jaribio lile kubwa iliwapunguzia malaria kwa asilimia 36 kwa muda wa miaka minne hivi. Hiyo namba iandikeni, msiifiche. Sababu yake inaeleweka: sporozoiti yuko njiani dakika chache tu, kingamwili lazima ziwe tele muda wote, na akiponyoka mmoja akaingia kwenye ini, anatoka huko na maelfu. Chandarua kinabaki palepale. Chanjo ya pili, R21, iliyopitishwa Oktoba 2023, nayo imejengwa kwa gamba lilelile, na Bagamoyo ilikuwa pia kati ya vituo vilivyoijaribu.

Kaka yangu yuko Mpwapwa, mfugaji, hajui kusoma vizuri. Ndama wake wana hereni sikioni, hereni ya chanjo ya ndigana kali. Chanjo ile nayo ni ya sporozoiti. Kupe wenye ugonjwa wanasagwa, wanahifadhiwa kwenye baridi kali ya naitrojeni, ndama anachomwa ugonjwa wenyewe ukiwa hai na papo hapo anapigwa oksitetrasaiklini ya kuushika usimuue. Ruth alimdhoofisha mdudu kwa mionzi, hawa wanamfunga kamba kwa dawa. Nilipomweleza kaka habari ya chanjo ya watoto alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kumbe ni kama ya Muguga." Muguga, Kenya, ndiko ilikotengenezwa, miaka ya sabini. Bwana mifugo alimwambia siku ya kwanza: imetoka wapi, imeanza lini, inakinga nini na nini haikingi. Kaka akaleta ndama wote.

Kwa hiyo ng'ombe wa Mpwapwa wamepewa maelezo kuliko mama wa Majengo.

Ombi langu si kubwa. Mwandishi wenu wa michezo hawezi kuandika "wachezaji walifunga bao" akaenda nyumbani. Anaandika nani kafunga, dakika ya ngapi, pasi katoa nani. Huyo wa afya naye atuandikie hivyohivyo: nani, mwaka gani, wapi, watoto wangapi, asilimia ngapi. Nafasi ikiwa ndogo, punguzeni mgeni rasmi.

Na ile picha mliyoiweka juu ya habari, ya mbu mweusi mwenye pete nyeupe miguuni, amelala sambamba na ngozi: huyo ni Aedes, wa dengue na homa ya manjano. Malaria haleti. Anofelesi anayeileta huinua mkia juu akinyonya, kama mtu anayechuma mboga. Kama mnahitaji picha yake sahihi, ninayo moja niliyopewa kwenye mafunzo, imekunjika pembeni tu. Nitawaletea nikija Dar.

Bibi Slaidi,
Nkuhungu, Dodoma.