Ripoti ya Doto

Tanga, Jumapili usiku

Shoga yangu Mama Kulwa,

Tangu ile simu ya juzi sauti yako haijanitoka masikioni. "Wamesema uvimbe umeongezeka," ukanyamaza. CD ya picha za MRI za kichwa cha Doto uliyompa kondakta wa basi niliipata. Nimeiangalia jana mara mbili na leo asubuhi tena. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tungelia tu.

Doto amemaliza mionzi wiki kumi zilizopita. Dozi ya grei 54 (grei ni kizio cha kupimia mionzi), siku 30 za kufungwa ile barakoa ya kutuliza kichwa. Lakini karatasi ya kuombea kipimo imeandikwa "uvimbe wa ubongo", basi, mionzi haikutajwa. Aliyesoma picha ameona doa jeupe limekuwa kubwa kuliko la kabla ya tiba, akaandika alichokiona. Nami, msomaji wa picha kama yeye, nimewahi kuandika hivyohivyo, shoga. Alikuwa binti wa miaka sita. Wazazi walisoma ripoti yangu wakamrudisha kijijini kumsubiria siku zake. Miezi mitano baadaye aliletwa kwa homa, anatembea mwenyewe, na doa limenywea nusu nzima. Sijamsahau yule mtoto.

Weupe ule peke yake si ushahidi kwamba uvimbe umekua. Ile dawa anayochomwa mkononi katikati ya kipimo, gadolini, kwa kawaida haitoki kwenye mishipa ya damu ya ubongo. Inavuja pale kuta za mishipa zilipoharibika. Uvimbe unaokua huziharibu, mionzi nayo huziharibu, na kwenye picha pote panang'aa sawasawa. Kwa watoto wenye uvimbe wa daraja la chini (unaokua polepole) kama wa Doto, hali hii ya weupe kuongezeka kwa sababu ya mionzi hutokea mara nyingi miezi ya mwanzo baada ya mionzi, kisha hutulia bila tiba nyingine.

Nilichokiona mimi ni ukingo mweupe mwembamba kama pete, katikati peusi, na wote umo ndani ya eneo lililopigwa mionzi. Ile picha ya MRI inayoonyesha mwendo wa maji ndani ya ubongo haionyeshi seli zilizosongamana. Hayo yananipa moyo. Kukuapia siwezi, maana picha moja haimtoshi msomaji yeyote.

Omba kipimo kirudiwe baada ya wiki sita hadi nane, kwenye mashine ileile, na ubebe CD zote za nyuma. Hakikisha wameandika tarehe ya mwisho ya mionzi na dozi ya deksamethasoni ya siku hiyo. Dawa hiyo, ndiyo inayomvimbisha uso na kumfanya aamke usiku kudai wali, hukausha ule uvujaji. Picha inaweza kupendeza wakati uvimbe uko palepale, na dozi ikipunguzwa weupe ukarudi. Usiikatishe mwenyewe hata siku moja.

Ila akianza kutapika asubuhi, kuburuta mguu, macho kupishana au kusinzia ovyo, usingoje tarehe. Mpeleke usiku huohuo.

Nimeshazungumza na daktari wake wa mionzi, Jumatano tutakaa naye tuzitazame picha zote pamoja. Nakuja na basi la Jumanne alfajiri. Kulwa mwambie namletea machungwa ya Muheza, ila amgawie ndugu yake.

Wako,
Mama Salma