Umeme ukirudi programu haioni databezi? Angalia IP za kontena

Simu nyingi za wateja wetu zinaingia asubuhi baada ya umeme kukatika usiku, seva imewaka vizuri tu, rauta iko sawa, ila programu ya mauzo inagoma inasema haipati databezi na watu washajaa dukani. Juzi ilikua duka la dawa, tukaingia kwenye seva tukakuta kwenye setingi mtu kaandika IP (anwani ya mtandao) ya databezi, 172.17.0.3, na hiyo 3 sasa hivi imeshikwa na kontena nyingine kabisa, yaani kiboksi kingine kinachoendesha programu yake ndani ya seva hiyohiyo.

Hapo hakuna kilichoharibika jamani. Docker, programu inayoendesha hizo kontena, ukiiacha yenyewe inagawa IP kwa kuwahi, seva yenyewe inakaa 172.17.0.1, kontena ya kwanza kuwaka inapata 2, inayofuata 3, sasa siku zikiwaka kwa mpangilio mwingine namba zinahama na programu inabaki inagonga mlango wa jirani.

Tunachofanya ni kutengeneza netiweki ya peke yake, manake ile bridge ya kawaida (netiweki ambayo Docker inakuja nayo) haikubali uichagulie kontena IP. Amri ya kwanza inatengeneza netiweki inayoitwa dukani, ya pili inaiunganisha kontena inayoitwa databezi kwa IP yake maalum.

docker network create --subnet 172.30.5.0/24 --gateway 172.30.5.1 --ip-range 172.30.5.128/25 dukani

docker network connect --ip 172.30.5.10 dukani databezi

Hiyo ip-range watu wengi wanairuka na ndio inayowarudisha kwenye shida ileile, kazi yake ni kuzilazimisha kontena zisizo na IP maalum zichukue kuanzia 128 kupanda, hivyo 10 yako hakuna wa kuiwahi, bila hivyo ikiwahiwa databezi haitawaka kabisa. Kabla hujachagua namba piga amri ya ip route kwanza uone kama VPN ya ofisi (mtandao binafsi unaopita kwenye intaneti) haitumii hizohizo.

Kontena zikiwa ndani ya netiweki hiyo zinaitana kwa jina tu, databezi, namba ya nini? Ila seva yenyewe hilo jina hailijui, ndo maana IP isiyohama inahitajika. Na kontena ikitaka huduma iliyoko kwenye seva inapita 172.30.5.1, mradi huduma hiyo haijafungiwa 127.0.0.1 peke yake, yaani anwani ambayo seva inajiita yenyewe tu.

Kazi hii tunakuja kuifanya jioni ukishafunga duka, tunaanza na bakapu, na hatuondoki mpaka seva izimwe iwashwe mara 3 ukiwa unaona, kila ikiwaka tunatoa risiti moja ya majaribio.