Matawi ya hospitali yahesabiwe kwa muda wa safari

Mhariri,

Mjadala kuhusu hospitali za kibinafsi kufungua matawi Mombasa unahesabu matawi bila kuuliza yako wapi. Hospitali ya Rufaa ya Pwani na hospitali kubwa za kibinafsi tulizozizoea ziko Mvita, yaani kisiwa chenyewe cha Mombasa, palipokuwa na watu takriban 154,000 katika sensa ya 2019. Upande wa bara, Kisauni ilikuwa na zaidi ya 290,000, Likoni 250,000.

Ramani nayo hudanganya. Kutoka Likoni hadi Kizingo, kule kisiwani, ni kilomita chache tu, lakini mama mwenye uchungu wa uzazi saa nane usiku kwa kawaida hulazimika kwanza kusubiri feri, kisha kutafuta tuktuk upande wa pili. Na kliniki inayofungwa jioni (nyingi ndivyo zilivyo) haimfai kitu saa hizo.

Naiomba idara ya afya ya kaunti ichapishe orodha ya vituo vyote kwa kila wadi, ikionyesha saa za kazi, huduma za uzazi na upasuaji, na muda wa kufika. Anayeomba leseni ya tawi jingine kisiwani aonyeshwe kwanza Mtongwe, Bamburi na Mikindani, zilizo bara.

Mkazi wa Mtongwe,
Mombasa