Barua ya wazi kwa Waziri wa Maji: majibu ya chupa namba 27

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkazi wa Arumeru, upande wa Mlima Meru unaotazama maziwa ya Momela. Nimefundisha Hisabati na Sayansi kwa miaka 34. Sikuandikii kuomba kisima. Nalisema hilo mapema kwa sababu najua barua nyingi zinazofika mezani kwako zinaomba kisima, na nisingependa hii ikawekwa kwenye rundo hilo. Ninachoomba ni majibu ya vipimo ambavyo vimekwisha kufanyika, vya floraidi, madini yaliyoyeyuka majini ambayo yakizidi hutia meno rangi ya kahawia na kuumiza mifupa.

Julai 2019 walifika kijijini kwetu watafiti wa maji na miamba, magari mawili. Mwenyekiti wa kitongoji akawaleta kwangu, akijua kwamba mzee akishastaafu hana kisingizio cha kukataa kuzungushwa. Walikuwa watu wastaarabu. Mmoja, binti wa umri wa wanafunzi wangu wa mwisho, aliniamkia "shikamoo, mwalimu" kila asubuhi na kila nilipoteleza kwenye tope alinishika mkono. Tulitembea siku tatu, chemchemi kwa chemchemi, kisima kwa kisima, mpaka kwenye vijito ambavyo mimi mwenyewe nilikuwa sijavifikia tangu nikiwa mchunga mbuzi.

Kazi yenyewe niliipenda. Chupa zilikuwa za plastiki, kwa sababu floraidi inaweza kuingiliana na kioo ikavuruga kipimo. Kila chupa unaisuuza mara tatu kwa maji yale yale unayokwenda kuchukua, ndipo unajaza. Unachovya kifaa cha kupima chumvi, unasoma namba, unaandika tarehe, saa na mahali. Kwa kuwa mwandiko wangu ni wa ubaoni, walinipa kalamu ya wino mzito niandike namba kwenye chupa. Zilikuwa 41. Namba 27 ni chemchemi tunayochota sisi, nyumba kama sitini hivi, pamoja na shule.

Siku ya kuondoka waliaga vizuri, wakapewa ndizi, wakasema majibu yatarudi. Sijayaona mpaka leo. Nilimuuliza mwenyekiti, akasema labda yako wilayani. Wilayani wakaniambia labda yako kwa watafiti wenyewe. Namba ya simu niliyoachiwa haipatikani.

Naomba usinielewe vibaya. Sitaji taasisi yao, na si lengo langu mtu afukuzwe kazi. Kabla yao walishakuja wengine wenye nyundo, wakavunja mawe wakayatia kwenye mifuko. Baada yao wakaja waliouliza watu wazima maumivu ya magoti na kiuno, na wengine wenye darubini waliokuwa wanapita kwenda kuhesabu heroe (flamingo) ziwani. Wote tuliwaonyesha njia. Kama kuna kijiji kilichopimwa nchi hii, ni chetu, na bado hakuna mtu hapa anayeweza kukuambia maji anayokunywa yana floraidi kiasi gani.

Huenda ukasema: mwalimu, si inajulikana kwamba maji ya Meru yana floraidi? Inajulikana, ndiyo. Meno yetu yanatutambulisha kabla hatujasalimia. Nilipokuwa chuoni nje ya mkoa, wenzangu waliniuliza "wewe wa Arusha?" nikiwa bado sijafungua mdomo kusema zaidi ya jina. Lakini kujua kwamba maji ya Meru yana floraidi ni sawa na kujua kwamba wanafunzi wa darasa la nne wanafeli Hisabati. Yupi? Kwa alama ngapi? Hapo ndipo kazi inapoanzia.

Mlima wetu ulijengwa na miamba ya volkano yenye sodiamu nyingi na kalisi (kalsiamu) kidogo. Kalisi ndiyo inayoweza kuikamata floraidi ikaifanya jiwe, ikabaki chini. Pale kalisi inapopungua na magadi kuzidi, floraidi haina wa kuishika, inasafiri na maji. Maji ya mvua yaliyopita haraka kwenye mawe ya juu yanaweza kutoka mepesi kabisa. Maji yaliyokaa muda mrefu chini, kwenye majivu ya volkano na matope ya zamani yaliyoporomoka kutoka mlimani, yanatoka yamebeba mzigo. Kwa hiyo chemchemi mbili zilizo hatua mia moja tu mbali zinaweza kutofautiana kabisa, na kisima kirefu si lazima kiwe bora kuliko kifupi, maana kuchimba zaidi huenda ndiko kukutana na maji yaliyokaa zaidi. Eneo jirani la Maji ya Chai, jina lake limetokana na rangi ya mto, lakini floraidi haina rangi. Haina harufu wala ladha. Ukiyachemsha maji, mvuke unaondoka na floraidi inabaki sufuriani, imekolea.

Ndiyo maana sentensi "maji ya Meru yana floraidi" hainisaidii. Nina chemchemi ya juu na chemchemi ya chini. Ya juu ni mwendo wa dakika arobaini kupanda, ya chini ni dakika kumi. Wanawake wa kitongoji wanachota ya chini, na mimi kama ningekuwa na ndoo kichwani ningefanya vivyo hivyo. Kama ya juu ina floraidi ndogo na ya chini ina kubwa, basi dakika thelathini za ziada zina maana, angalau kwa maji ya kunywa ya watoto. Kama zote ni sawa, tusichoshane. Kati ya majibu hayo mawili, moja liko ndani ya daftari la mtu, limeandikwa tayari, na chupa yake niliiandika namba kwa mkono wangu.

Halafu kuna suala la kiwango. Serikali mwaka 1974 iliruhusu mpaka miligramu 8 kwa lita kwa maji ya vijijini, kwa kuwa palikuwa hapana njia nyingine. Baadaye ikashuka hadi 4, na sasa ni 1.5, sawa na Shirika la Afya Duniani. Ni jambo jema. Lakini fikiria bomba lililowahi kupimwa likaonekana lina miligramu 3. Enzi ile liliitwa salama, na leo si salama, ingawa maji hayajabadilika hata tone. Aliyeambiwa "salama" mara moja huendelea kuamini hivyo mpaka atakapoambiwa vingine, na kwetu sikumbuki mkutano wa kijiji ambao mtu alisimama kusema kiwango kimebadilika. Mimi nilikisoma gazetini, gazeti lenyewe lilikuwa limefungia sukari.

Sisemi wizara yako imelala. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kiko chini yenu, si mbali na kwangu, na ndicho kilichotufundisha kuchuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa inachomwa kwa joto la nyuzi mia nne na zaidi, inasagwa, inawekwa kwenye ndoo, maji yanapita yanaacha floraidi humo. Nimeuona mchujo huo, nimeutumia. Jiji la Arusha nalo limepata mradi mkubwa wa Shilingi bilioni 520, na moja ya sababu zake ilikuwa hii hii floraidi. Hongereni.

Ila mchujo una tabia moja ambayo naomba uisikie kutoka kwa mtu aliyeutumia. Mkaa ule hushiba. Kulingana na ukali wa maji, unaweza kufanya kazi miezi kadhaa kisha ukaacha. Na ukiacha, hauchafui maji wala haubadilishi ladha yake. Maji yanatoka meupe vile vile, yanatiririka vile vile, mama anajaza jagi akiamini amewalinda wanawe. Anayeweza kumwambia kwamba mkaa umekufa ni mtu mwenye kipimo. Kutoa mchujo bila kipimo ni kumpa mtu saa isiyo na mshale. Mimi wangu niliutumia mwaka mzima na nusu, na leo sijui ni miezi mingapi ya hiyo nilikuwa najidanganya.

Tena kuna magadi. Watu wa kaskazini hatupiki maharage wala makande bila kipande cha magadi, yanaiva upesi na kuni zinaokolewa. Magadi hayo nayo yana floraidi, na watafiti wa meno walishaligundua zamani. Nimewaambia wake wa wanangu, wakacheka. Wangecheka kidogo kama ingekuwa imeandikwa kwenye karatasi yenye mhuri, maana neno la baba mkwe na neno la serikali si sawa.

Sasa nije kwa ndege, ambao huenda utashangaa wanafanya nini kwenye barua ya maji. Nilikuwa napeleka darasa la sita Momela kila mwaka. Yale maziwa hayako mbali moja na jingine, mtoto anatembea kutoka moja hadi jingine, lakini kila moja lina rangi yake na chumvi yake, kwa sababu kila moja linalishwa na maji ya chini ya ardhi yaliyopita njia tofauti. Floraidi humo huhesabiwa kwa mamia ya miligramu. Heroe wadogo hawajali. Wanachokula ni mwani mdogo sana unaostawi kwenye maji ya magadi. Chumvi ikizimuliwa, mwani unapungua, heroe wanahama. Mwani mwingine wenye sumu ukichukua nafasi, wanakufa: mwaka 2006 watafiti wetu walichapisha utafiti uliohusisha mwani wa aina hiyo na vifo vya heroe kwa wingi katika Ziwa Manyara na Momela Kubwa. Na mwaka 2024 ulitoka utafiti mwingine uliotumia picha za satelaiti kwenye maziwa 22 ya Afrika Mashariki, ukaonyesha kwamba chakula cha ndege hawa kimekuwa kikipungua, hasa pale maziwa yalipofurika.

Kwa maneno mengine, anayehesabu heroe anapima maji bila kuchovya kifaa. Akiona ndege wamehama, kuna kitu kimebadilika kwenye maji, na maji ya ziwa na ya chemchemi yangu yametoka kwenye mlima mmoja. Mwenye nyundo anajua kwa nini. Mwenye chupa anajua kiasi gani. Lakini hawa hawakai meza moja, na karatasi zao nyingi ziko kwa lugha ambayo mwenyekiti wangu wa kitongoji hasomi. Zamani niliwaadhibu wanafunzi kwa kutoonyesha njia ya hesabu. Hawa wanaonyesha njia vizuri sana, jibu ndilo wanaondoka nalo.

Ninachoomba ni kidogo, na sehemu kubwa hakihitaji bajeti mpya. Kila chanzo cha maji ya kunywa katika vijiji vya Meru kiwe na kibao: namba ya floraidi, tarehe ya kupimwa, na kama ilikuwa masika au kiangazi, kwa sababu maji hubadilika na majira. Rangi ya mafuta na brashi tutanunua wenyewe. RUWASA, wakala wa maji vijijini, wana vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, kwa hiyo mtu wa kukitunza kibao yupo. Kwa hao wenye michujo ya mifupa, pawe na mtu hata mmoja kwa kata mwenye kifaa cha kupimia, anayepita kila baada ya miezi michache.

Na kwa watafiti, naomba uzungumze na wenzako wa COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, wanaotoa vibali vya utafiti. Kibali kiwe na sharti kwamba kabla kazi haijahesabiwa imekwisha, ukurasa mmoja wa Kiswahili uletwe kwenye mkutano wa kijiji, usomwe kwa sauti, na nakala ibaki ofisi ya kijiji. Sihitaji nadharia yao. Nahitaji orodha: chupa fulani, mahali fulani, namba fulani. Wakitaka kusubiri mpaka wachapishe kwenye majarida yao, wasubiri kwa mengine. Namba ya maji ninayokunywa leo si ya kusubiri miaka mitatu.

Nakueleza kwa nini naharakisha. Nina mjukuu wa miaka minne anayeishi nami. Meno yake ya utoto ni meupe kama mchele. Ya kudumu yanajengwa sasa hivi ndani ya fizi, na floraidi anayokunywa wakati huu ndiyo itakayoyapaka rangi yatakapotoka. Atakapofika darasa la tatu au la nne itakuwa imekwisha, hata umletee maji ya theluji. Kila asubuhi mama yake ananiuliza achote ya juu au ya chini, kwa kuwa mimi ndiye niliyetembea na watafiti, na mimi ndiye mwalimu. Namjibu tu achote ya juu, kwa kukisia.

Ilikuwa Jumatano, saa nne na dakika kumi asubuhi, chemchemi ya chini, karibu na mti mkubwa wa mringaringa. Chupa namba 27. Ya juu ni namba 31. Kama kuna mtu wizarani au nje ya wizara anayezijua namba hizo zilisema nini, ofisi ya kijiji iko wazi kuanzia saa mbili.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu, Arumeru