Barua kutoka Kengeleni

Kisauni, Mombasa

Kwako sahibu yangu mpendwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana, nikitumai kwamba barua hii itakukuta u mzima wa afya na kwamba masomo yako ya theolojia huko Limuru hayajakufanya uisahau joto ya kwetu. Mimi sijambo. Nyanya naye hajambo isipokuwa magoti yake, ambayo anadai yanaijua mvua kabla ya redio kuitangaza.

Katika barua yako uliniuliza mambo mawili: kwanza, imekuwaje mimi, nisiyependa hata kupigwa picha arusini, nikatengeneza filamu, na pili, kama ni kweli, kama ulivyosikia kwa vijana wenzetu wa kanisani, kwamba kazi hiyo imeniimarisha katika imani. La kwanza ni jepesi. Hilo la pili nimelikwepa kwa wiki tatu, na ndiyo maana jibu langu limechelewa.

Kazi yenyewe ilikuwa ya chuoni, wala haikuwa filamu hasa. Tulitakiwa kutengeneza hadithi ya kidijitali, yaani simulizi ya dakika mbili au tatu ambayo msimulizi huirekodi kwa sauti yake mwenyewe, kisha akaipanga juu ya picha chache alizonazo. Mwalimu alitueleza kwamba mtindo huu ulikuzwa California katika miaka ya 1990 na akina Joe Lambert na Dana Atchley, ambao walikuwa wakiwafundisha watu wa kawaida, wasiojua lolote kuhusu sinema, kusimulia jambo moja la maisha yao. Sharti lilikuwa hilo tu, kwamba jambo liwe lako.

Unanijua. Niliposikia maneno hayo nikaandika mhadhara. Nilianza na mmisionari Krapf kufika Mombasa mwaka 1844 na kumzika mkewe Rosina pamoja na mtoto wao mchanga mwaka huohuo. Nikaja kwa mwenzake Rebmann na misheni ya Rabai mwaka 1846. Nikaupita mkataba wa 1873 uliofunga soko la watumwa la Unguja. Nikaeleza jinsi kati ya 1874 na 1875 wamisionari wa Kianglikana walivyoanzisha Freretown hapa kwetu ili iwe makao ya watu waliookolewa kutoka katika majahazi ya watumwa. Na nikahitimisha na mwaka 1885, William Jones na Ishmael Semler, ambao wenyewe walikuwa wameonja utumwa utotoni, walipopewa daraja ya ushemasi. Yote hayo ni kweli, na bado naamini kila mtoto wa Kisauni anapaswa kuyajua. Lakini nilipoyasoma kwa sauti yalichukua dakika saba, na mwalimu aliniuliza swali moja tu: "Na wewe uko wapi humu?"

Nilikasirika, sitakuficha. Nilirudi nyumbani kwa matatu nikiwa nimenuna, na tulipokaribia makutano ya barabara mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu akapaza sauti, "Shukisha Kengeleni!" Makanga akagonga bati mara mbili, gari likasimama. Nimelisikia neno hilo maelfu ya mara bila kulisikiliza. Unaikumbuka ile kengele, iliyoning'inia pale kando ya barabara, ambayo tukiwa wadogo tulikuwa tukiitupia vijiwe kuona nani atailiza? Ndiyo iliyokuwa ikigongwa kuwaonya watu wa Freretown kwamba wawindaji wa watumwa wanakuja. Babu yake nyanya alikuwa mmoja wa watu hao. Aliletwa mtoto, alijua kwamba yeye ni Mnyasa, mtu wa upande wa Ziwa Nyasa, lakini hakulijua jina la kijiji chao, na jina la ukoo tunalolitumia hadi leo ni la Kiingereza, alilopewa siku ya ubatizo. Siku hizi kengele hailii, lakini mchana kutwa makanga na abiria wanaliita jina lake. Siku ya pili nilipanda tena matatu, mara nne kwenda na kurudi, nikarekodi sauti hizo kwa simu. Hapo ndipo hadithi yangu ilipoanza.

Nilitaka kumwonyesha nyanya akisali. Kwangu mimi imani ni hiyo: si mahubiri wala kwaya, ni nyanya kuamka gizani, akaingia chumbani kwake akafunga mlango. Nilimwomba nimpige picha akiwa amepiga magoti kando ya kitanda, mikono juu ya Biblia yake iliyovuliwa jalada na miaka. Alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, Bwana alisema ukisali ufunge mlango. Sasa wewe na simu yako mtakuwa upande gani?" Nilimweleza habari za mwangaza na kwamba watu wataguswa. Akaniambia niende nikachambue mchele.

Kwa hiyo nilichopiga ni mlango. Ni mlango wa mbao wa rangi ya buluu, iliyobambuka kuanzia kwenye kitasa kwenda chini, na mbele yake zimo champali mbili za nyanya, moja imekaa sawa na nyingine imelala ubavu. Picha hiyo inakaa sekunde ishirini bila mimi kusema neno. Wenzangu darasani walidhani programu imekwama. Waraka kwa Waebrania unaiita imani bayana ya mambo yasiyoonekana, na wewe, ambaye sasa unasoma hadi Kiyunani, utanieleza vizuri zaidi neno hilo "bayana" lina uzito gani. Mimi ninachojua ni kwamba kamera ilinifikisha mlangoni, na kwamba nilipoutazama ule mlango kwa saa nyingi nikiihariri picha yake, ndipo nilipoona kwamba sijawahi kuwa ndani.

Katika sekunde hizo ishirini husikika adhana ya alfajiri. Sikuitia mimi. Nilirekodi ukimya wa nyumba, na msikiti wa mtaa wetu, unavyojua, uko nyumba nne kutoka kwetu. Ndugu mmoja wa kanisani, ambaye sitamtaja kwa kuwa ana nia njema, alinishauri niifute kwa programu na badala yake nitie kinanda, maana hadithi ya Mkristo haifai kuwa na sauti ya namna hiyo. Nilijaribu kweli. Nilipoifuta, chumba kizima kikafa; hata kikohozi cha nyanya, ambacho kilikuwa kikisikika kwa mbali nyuma ya mlango, kikatoweka pamoja nayo. Isitoshe ingekuwa uongo. Nyanya hana saa. Tangu nimfahamu huamshwa na mwadhini, na husema kwamba mzee yule hajawahi kuchelewa hata siku moja, jambo ambalo hawezi kulisema kuhusu wazee wa kanisa letu. Nikairudisha.

Sasa nalijia swali lako la pili. Katika maandishi yangu kulikuwa na sentensi ya mwisho niliyoipenda sana: "Tangu siku hiyo imani yangu haijatikisika." Ni sentensi ambayo mimi na wewe tumeisikia katika kila ushuhuda tangu shule ya Jumapili, na ilinitoka kalamuni bila kuniomba ruhusa. Usiku wa kurekodi nilijifunika blanketi kichwani ili kupunguza kelele za tuktuk, jasho likinitiririka, nikaisoma. Haikukubali. Nilirudia mara tisa. Mara nilisikika kama mhubiri, mara kama mtangazaji wa biashara, na mara moja nilicheka. Sentensi nyingine zote zilipita kwa mara ya kwanza au ya pili. Nikavua blanketi nikakaa kitandani, na kwa aibu nikatambua kwamba shida haikuwa kinasa sauti. Imani yangu hutikisika. Ilitikisika mama alipolazwa, ikatikisika tena alipopona nikasahau kushukuru.

Basi nikaifuta, na mahali pake nikaandika: "Mimi husali mara chache, na mara nyingi huwa ndani ya matatu, kabla ya Kengeleni." Niliisoma mara moja tu.

Kwa hiyo, sahibu, ukiniuliza kama nimeimarika, sijui kama hilo ndilo neno. Naona kama mtu aliyekuwa akivaa kanzu ya marehemu babu yake na kuwaambia watu kwamba ilishonwa kwa kipimo chake, halafu siku moja akajitazama kwenye kioo akaona mikono imezidi. Sijaivua kanzu, wala sina nia ya kuivua. Ila nimeacha kusema kwamba inanikaa sawasawa, na tangu niache nasali kwa urahisi zaidi kidogo, kwa maneno machache zaidi. Wewe unayejiandaa kuwa mchungaji uniambie kama huko ni kukua au ni kurudi nyuma, na tafadhali usinijibu kwa upole wa kichungaji. Nijibu kama ulivyokuwa ukinijibu tukiwa kidato cha pili.

Kazi yenyewe imenifaa alama nzuri, japo mwalimu amesema sauti za matatu ni kubwa mno, na ni kweli. Nitakutumia nakala kwa binamu yangu anayepanda Nairobi wiki ijayo, kwa kuwa faili ni nzito na vifurushi vyangu vya intaneti unavijua. Ningependa uitazame peke yako kwanza, kabla ya kuionyesha kwa wenzako wa ushirika.

Nyanya tayari ameitazama, kwenye simu, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua. Aliiangalia hadi mwisho bila kusema lolote, akaniomba niirudishe pale kwenye mlango, akaitazama tena. Kisha akaniuliza kwa nini sikumwambia mapema, mlango ungepigwa rangi.

Ni mimi sahibu yako,
wa Kengeleni